Nimelipia nusu ya zawadi za wageni, mchumba wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29 na zimebaki wiki tisa nifunge ndoa. Ukumbi tumepata, nguo iko kwa fundi, wageni 320 wameshapelekewa kadi. Kinachoninyima usingizi utakicheka ukikisikia: mishumaa.

Mama yangu anataka kila mgeni aondoke na zawadi. Si kitu kikubwa, anasema, ni kumbukumbu tu. Amechagua mshumaa mdogo ndani ya bilauri ya kioo yenye kifuniko, utepe wa rangi ya dhahabu shingoni, na stika yenye jina langu, jina la mwenzangu na tarehe. Ukitajiwa bei ya mmoja hushtuki. Nilipozidisha kwa 320, nikaongeza vifuko, stika na usafiri, nikapata kodi ya miezi mitano ya nyumba tunayotaka kuhamia. Nikarudia hesabu nikidhani nimeongeza sifuri.

Mchumba wangu nilipomwonyesha ile karatasi hakukasirika. Aliikunja, akanirudishia, akasema, "Watu wanakuja kutuombea heri, kula na kucheza. Nani amewahi kufika nyumbani akalia kwa kukosa mshumaa?" Kwake mazungumzo yaliishia hapo.

Mama naye aliniita chumbani akafunga mlango. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: harusi yake pesa ziliisha mapema, wageni wakaondoka bila hata kipande cha kitu mkononi. Wifi yake mpaka leo, wakikutana, humtania kwamba "siku ile tulirudi tunapunga hewa". Miaka 31 imepita. Mama anacheka pamoja naye, lakini siku ananisimulia nilimwona anavyoikunja na kuikunjua leso yake. Akasema, "Nataka wewe usitaniwe."

Nilikwenda kufungua droo yangu nione nina nini kutoka harusi za watu. Nilikuta vitu vinne. Kishikio cha funguo chenye majina ya wawili ambao wameshaachana. Kipepeo cha mkononi kilichovunjika ubavu. Kikombe kidogo ambacho naweka miswaki, majina yamefutika kabisa. Na kadi ya rafiki yangu, ameandika kwa mkono: "Asante kwa kulala sakafuni wiki nzima ili nguo yangu iishe." Hiyo kadi ina miaka sita na imehama na mimi nyumba tatu.

Basi nikadhani nimepata jibu. Lakini Mama alikuwa ameshaleta sampuli, tukakaa sakafuni tukaifunga pamoja. Utepe ulinitoka mara mbili, mara ya tatu ukakaa. Nilipima: dakika saba kwa mshumaa mmoja. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba alipofariki.

Sasa sikia kosa langu. Wiki mbili zilizopita muuzaji alisema ili atushikie oda lazima tulipe nusu. Nililipa. Nilitoa kwenye akiba yangu mwenyewe, pesa nilizoziweka mwenyewe. Ila mimi na mwenzangu tulishakubaliana kwamba akiba zetu zote mbili ni za kuanzia nyumba. Hajui. Nusu iliyobaki inatakiwa mwisho wa mwezi.

Shangazi, hizi zawadi zina thamani ya gharama yake kweli, au nizifute? Nikizifuta nitamwambia nini Mama? Nikiendelea nitamwambia nini yeye?

Wa Mishumaa 320

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilianzia chini, kwa sababu naona aya ile ya karibu na mwisho ndiyo iliyokushikisha kalamu. Tutaifikia.

Ngoja kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Mama yako anataka kufuta utani wa miaka 31. Mwenzako anataka mwanze maisha bila kukimbizana na mwenye nyumba. Wewe umekaa katikati yao na risiti ambayo ni mmoja tu anajua ipo. Halafu unaniuliza kuhusu mishumaa. Naona hapo kuna maswali mawili yamefungwa kwa utepe mmoja. La kwanza ni la pesa, na kalamu inaweza kulijibu. La pili ni nani anasikilizwa katika nyumba ambayo bado haijaanza, na hilo kalamu hailiwezi.

Tuanze na jepesi. Hiyo 320 mmeitoa wapi? Ni idadi ya vichwa, sivyo? Lakini mtu na mkewe na watoto wao watatu hawahitaji mishumaa mitano kwenye meza moja ya sebuleni. Chukua orodha yako ya kadi uhesabu nyumba badala ya watu. Tuseme umepata nyumba 140: umeshapunguza zaidi ya nusu, na hakuna aliyenyimwa. Ni kweli patakuwa na utata. Ndugu wawili watu wazima wanaoishi pamoja, kila mmoja ana kadi yake, ni nyumba moja au mbili? Rafiki aliyekuja na mtu usiyemjua? Kwa hiyo unaongeza kidogo ya akiba. Na kumbuka kila harusi ina walioalikwa wasiotokea. Kitu chenye majina yenu na tarehe yenu, kikibaki, hakuna mwingine wa kukinunua.

Wewe mwenyewe umenipa hesabu nyingine bila kuijumlisha. Dakika saba mara 320 ni dakika 2,240. Hizo ni saa 37 na kitu. Nani atakaa sakafuni saa 37, na wiki gani? Kwa nyumba 140 ni saa 16 na dakika 20, bado ni siku mbili za mtu kufunga utepe tu. Watu wakipanga bajeti ya zawadi za wageni hukumbuka bei ya kitu, wakasahau kifuko, stika, usafiri, na mikono. Wewe umekumbuka vyote isipokuwa mikono, ingawa mikono ni yako.

Sasa nikutolee langu. Niliwahi kusaidia kwenye harusi ya jamaa yangu, zawadi zilikuwa glasi zenye majina ya maharusi. Usiku viti vinapangwa, mimi na kijana mmoja wa ukumbini tukawa tunaziokota chini ya meza. Nyingine zilikuwa na mabaki ya soda. Maboksi mawili yalirudi nyumbani kwangu maana gari la maharusi lilishajaa, na hakuna aliyeyafuata. Glasi moja mpaka leo nimewekea pini za kushonea. Kwa hiyo upande wa mchumba wako naujua, nimeuokota kwa mikono yangu.

Lakini usiku huohuo bibi mmoja alinivuta kanga. Alikuwa anaondoka mapema. Akaniomba glasi ya pili, ya mumewe aliyelala mgonjwa, "aone na yeye amehesabiwa". Niliifunga kwenye kitambaa cha meza nikampa. Sasa hapo utaniambia ile glasi ilikuwa ghali au rahisi? Mimi nimeshindwa kuamua, na nimekuwa nikiiwaza kwa miaka.

Ndiyo maana sitaki uichukulie droo yako kama mahakama. Umeifungua, umeona kishikio cha walioachana na kipepeo kilichovunjika, ukasema jibu limepatikana. Hebu irudie. Kikombe kimebaki kwa sababu kina kazi. Kadi imebaki kwa sababu ilikutaja wewe na ile wiki yako ya sakafuni. Vile viwili vingine havikuwa na kazi, na havikumtaja yeyote ila wenyewe. Hilo lina uzito. Ila droo ni ya mtu mmoja. Wewe ni mtu wa maneno, unaweka kadi. Kuna watu wa vitu, na mama yako huenda ni mmoja wao.

Italia kuna desturi ya kuwapa wageni wa harusi lozi tano zilizovikwa sukari, moja kwa kila heri: afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Lozi tano tu, mwanangu. Mtu anamaliza kuzitafuna kabla hajafika kwake, na hazimdai nafasi kabatini. Sisemi mfanye hivyo. Naitaja kwa sababu pale maana imetangulia, kitu kikafuata. Ninyi mmeanza na bilauri na utepe, na sijaona kwenye barua yako mahali ambapo mtu ameuliza mnataka kumwambia nini mgeni.

Kuhusu "watasema". Nakuomba uandike kwenye karatasi majina ya watu ambao kweli unaamini watasema. Majina, usiandike "ndugu" au "watu". Nina shaka orodha yako itakuwa fupi, na juu kabisa atakaa wifi ya mama yako. Kama ni hivyo, mnataka kununua vitu 320 kwa ajili ya mdomo mmoja. Mshumaa utampa cha kubeba. Kama utamnyamazisha, hilo sijui; mtu aliyetania miaka 31 ameshauzoea utani wake, na anaweza kupata mwingine. Inawezekana pia hajui kwamba unauma, kwa kuwa mama yako hucheka. Umewahi kumuuliza Mama kama aliwahi kumwambia?

Na mwenzako naye. Amesema hakuna aliyelia kwa kukosa mshumaa, ni kweli, lakini kwa kipimo hicho hakuna aliyelia kwa kukosa maua mezani, wala picha za kutoka juu. Kwenye hiyo bajeti yenu, mshumaa wake yeye ni upi? Muulize hivyohivyo, kwa upole, usimtege. Akikuonyesha kitu chake kimoja ambacho hakina maana kwa mtu mwingine yeyote, mtaelewana haraka. Akikosa hata kimoja, basi huyo mtu ameshajinyima mengi kimyakimya, na ile karatasi aliyoikunja akakurudishia ina maneno zaidi ya aliyoyatamka.

Njia zipo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kufuta oda. Huenda nusu uliyolipa isirudi. Watu wengi wakifika hapo husema, "Nimeshalipa, acha nimalizie," na mimi naelewa, inauma. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Pesa iliyo mkononi mwako ni ile nusu ya pili tu, na swali la kujiuliza ni kama hiyo ungeitoa leo kwa mishumaa endapo ya kwanza ingekuwa imepotea njiani.

Unaweza kuacha zawadi kabisa, mkapita wenyewe meza kwa meza. Hili husemwa kama la bure, lakini si la bure. Watu 320, kumi kwa meza, ni meza 32. Dakika mbili kila meza ni saa nzima na dakika nne, katika sherehe ambayo mtaitaka kila dakika yake. Wapo wageni ambao watakumbuka mkono wako kuliko bilauri. Wapo pia ambao hutawafikia, na hao ndio watakaokumbuka zaidi.

Unaweza kuandika kadi kwa mkono, kama ile ya rafiki yako. Kwa wachache tu: waliolala sakafuni, waliosafiri mbali, waliobeba vyombo. Ukijaribu kuziandika 140 utaanza vizuri, na kufikia ya 30 zote zitakuwa zinasema sentensi moja. Na usizigawe ukumbini, maana wawili wakikaa pamoja mmoja akapata, mwingine ataanza kujihesabu. Zitume baada ya harusi. Wengine hutoa mchango mahali kwa jina la wageni. Ni vyema kama jambo lenyewe liko moyoni mwenu nyote wawili, vinginevyo mgeni anapokea kadi ya kumshukuru kwa pesa ambayo hakuitoa.

Halafu ipo njia moja ambayo najua utaipenda, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Umelipa nusu. Nusu ya mishumaa 320 ni 160. Nyumba zako zikiwa 140 na akiba kidogo, basi ulichokwisha lipa kinakaribia kutosha. Muuzaji akikubali kupunguza oda bila kupandisha bei ya mmoja, na si wote hukubali, hutaongeza hata senti kubwa. Mama anapata mishumaa yake inaangaza meza ya kutokea. Nusu ya pili inabaki kwenye akiba. Hesabu imekaa sawa kabisa.

Umeona tatizo? Imekaa sawa kiasi kwamba hutalazimika kumwambia mwenzako chochote. Ataona mishumaa siku ya harusi, utasema Mama amesaidia, mambo yameisha.

Basi turudi kwenye aya yako. Umeandika "akiba yangu mwenyewe, pesa nilizoziweka mwenyewe". Neno "mwenyewe" limetokea mara mbili katika sentensi moja, na sentensi inayofuata inaanza na "ila". Nadhani unajua hizo pesa zilikuwa zako zilipoingia, na zilianza kuwa zenu siku mlipokubaliana. Sikulaumu. Ulikuwa umetoka kumwona mama yako anacheka, na muuzaji amesimama anangoja. Ningekuwa wewe, sina hakika nisingelipa.

Ukimwambia sasa, anaweza kukasirika, na wiki tisa ni chache za kununa na kupatana. Anaweza pia kuanza kujiuliza kama yapo mengine. Ukingoja mpaka baada ya harusi, mtakuwa na utulivu, lakini jambo dogo litakuwa limekomaa, na atauliza kwa nini ulinyamaza wakati bado kulikuwa na la kufanya. Usipomwambia kabisa, pengine hatajua milele. Pengine Mama atalitaja siku moja akisifia binti yake, bila nia mbaya, mezani. Ni wewe unayemjua mtu wako, na ni wewe utakayekaa naye jioni hiyo, kwa hiyo kuchagua ni kwako.

Ukiamua kumwambia, nakushauri usianze na mishumaa. Anza na leso ya mama yako. Kwa barua yako ulivyoandika, sioni kama ameshasikia habari ya ule utani. Yeye ameonyeshwa karatasi ya hesabu tu, naye akajibu kama mtu aliyeonyeshwa hesabu. Mwambie kitu kama, "Kuna jambo nimefanya bila wewe, na nataka ujue lilianzia wapi." Kisha nyamaza, mwache aulize.

Kwa Mama, jihadhari na neno "hataki". Ukisema "mwenzangu hataki", mishumaa itasahaulika lakini huyo asiyetaka hatasahaulika. Mama mkwe na mkwe wake wana miaka mingi mbele yao. Sema "tumeamua" pale tu ambapo kweli mmeamua wote wawili. Na hata kama mishumaa itapungua au kufutwa, zile saa za sakafuni msizifute. Nilivyosoma mimi, furaha uliyoiona usoni kwake, ambayo hujaiona tangu baba yako aondoke, haikuwa ya mshumaa peke yake. Kuna kazi nyingine za harusi zinazohitaji mikono minne na mlango uliofungwa.

Leo au kesho, kabla hujazungumza na yeyote kati yao, mpigie muuzaji umuulize mambo mawili: kama stika zimeshachapwa, na kama idadi inaweza kushuka kwa bei ileile. Andika majibu kwenye ile karatasi aliyoikunja mwenzako, chini ya hesabu yako. Kisha niandikie, uniambie na lile la wifi, kama Mama aliwahi kumwambia.

Shangazi